Herufi Niliyoibadilisha Mimi

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imeanza! Imeanza saa nane mchana bila hata kupiga hodi, na paa la kiwanda likalia mpaka mashine ikawa haisikiki. Mimi na Nukta tulitoka mbio tukasimama chini ya mfereji wa paa, tukaloa chapachapa. Mama Gundi akatufokea kwamba tukishikwa na homa tusije kujilaza kwenye karatasi zake.

Daftari hili amenishonea yeye, Mama Gundi, mshona vitabu wetu, kwa vipande vilivyobaki baada ya kukata vitabu. Kurasa hazilingani, nyingine nyeupe, nyingine za kijani. Amesema niandike mvua yote, kuanzia tone la kwanza mpaka la mwisho. Basi naandika. Nina miaka kumi na mitatu, baba yangu ana kiwanda cha uchapaji chenye mashine mbili na wafanyakazi saba, na rafiki yangu ni Nukta. Baba yake ndiye mpanga herufi. Anaokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye kasha lenye vyumba vidogovidogo, anazipanga kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili zikichapwa zisomeke sawa. Nukta anaitwa Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Baba yake alimtazama akasema huyu bado hajawa herufi, huyu ni nukta. Jina likaganda.

Mimi wafanyakazi wananiita Bosi Mdogo. Hata Nukta ananiita hivyo, kwa utani.

Jumanne, 12 Machi

Habari kubwa! Shule yetu inatimiza miaka ishirini na mitano, na kitabu cha sherehe kitachapwa na Baba! Kurasa arobaini, picha, orodha ya walimu wote tangu mwanzo. Baba aliingia nyumbani akiimba. Mama akamwambia avue viatu kwanza ndipo aimbe.

Nukta hasomi shuleni kwetu. Yeye yuko shule ya bondeni, ile yenye zamu mbili, na zamu yake ni ya asubuhi. Ndiyo maana mchana wote ni wetu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Gari lilikwama langoni. Dereva alilisukuma mpaka suruali yake ikabadilika rangi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo Nukta amenifundisha kusoma kinyume. Yeye anasoma herufi za risasi kama mtu anayesoma gazeti, tena haraka kuliko mimi ninavyosoma kitabu cha kawaida. Nilibishana na b na d mpaka nikataka kulia. Nukta akasema, "Usiitazame herufi usoni. Itazame mgongoni." Nikaitazama mgongoni, na ghafla nikaona! Nikapiga kelele mpaka Baba Nukta akaangusha kibanio chake.

"Bosi Mdogo," akasema, "siku utakayochukua kazi yangu unitaarifu mapema nijiandae." Nukta akacheka. Mimi nikajiona mkubwa kama mlango.

Amenionyesha pia jinsi ya kulegeza fremu ya chuma inayobana herufi za ukurasa kwa ufunguo wake mdogo, kuchomoa herufi moja kwa kibanio, kuweka nyingine na kukaza tena. Mchana Baba akaniita ofisini tule. Nukta alisema hana njaa.

Jumatano, 20 Machi

Walimu wameleta orodha mpya ya majina, ya tatu sasa. Baba Nukta anapanga, anapangua, anapanga. Halalamiki. Anapiga mluzi tu.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma hadi sasa ninapoandika!

Kitabu kimekamilika. Karatasi ya majaribio ilitoka saa tisa. Baba na mwalimu mkuu wakaisoma mstari kwa mstari, wakatia sahihi: hakuna kosa hata moja. Baba Nukta akaifunga fremu ya ukurasa wa kwanza, tayari kwa mashine ya kesho asubuhi, akaenda kunawa. Nukta alikuwa amekwenda kuchukua maji ya kunywa. Nikabaki mimi na ule ukurasa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kuna maneno ya shule yetu: HAPA WATOTO HUFUNZWA KWA UPENDO. Nikayasoma kinyume, nikaona ajabu moja. Ukitoa z ukaweka g!

Nikalegeza, nikachomoa, nikaweka, nikakaza. Nukta aliporudi nikamwambia, "Soma hapo juu." Akasoma. Kikombe kikamtoka mkononi. HAPA WATOTO HUFUNGWA KWA UPENDO! Alikaa chini sakafuni, akashika tumbo, machozi yakamtoka. "Kwa upendo!" akawa anasema. "Wanafungwa kamba, lakini kwa upendo!" Sijawahi kumchekesha Nukta namna hiyo. Kila siku ni yeye anayenichekesha mimi.

Kisha akajifuta uso akasema, "Rudisha haraka, baba anakuja." Nikasema narudisha. Papo hapo mvua ikapiga kama imemwagwa kwa ndoo, paa likaanza kuvuja upande wa marobota ya karatasi, Mama Gundi akaita, Nukta akakimbia kwenda kusaidia kuyavuta. Na nje honi! Mama yuko garini, tumechelewa kwa fundi wa nguo, gauni la sherehe lazima lipimwe leo. Nikakimbia.

Gauni ni la rangi ya samawati na lina mifuko.

Ijumaa, 22 Machi

Mtihani wa hesabu. Tangu asubuhi najihisi kama nimesahau mwavuli mahali, na mwavuli wenyewe ninao.

Jumatano, 27 Machi

Siku tatu kabla ya sherehe! Nimeteuliwa kumkabidhi mgeni rasmi shada la maua. Sijaenda kiwandani wiki nzima, kila mchana ni mazoezi. Kutembea hatua kumi na mbili, kuinama kidogo, kutabasamu, kurudi. Hatua ya saba huwa nakanyaga gauni.

Jumamosi, 30 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia ukumbini.

Kulikuwa na watu kama mia sita. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, barabara zikafurika, na maboksi ya vitabu yalifika wakati watu wameshaketi. Baba Nukta, Mama Gundi na Nukta waliyabeba kupitia mlango wa nyuma, wakagawa vitabu mstari kwa mstari. Nukta alikuwa amevaa gauni lake la shule kwa sababu ndilo zuri. Nikampungia mkono, naye akanionyesha gumba.

Nilitoa shada bila kukanyaga kitu. Halafu mwalimu mkuu akapanda jukwaani, akavaa miwani, akafungua kitabu kipya kabisa, hata wino unanukia, akasema kwa sauti yake ile ya kwaya: "Wapendwa wazazi, miaka ishirini na mitano iliyopita tuliweka ahadi, na ahadi hiyo imeandikwa katika ukurasa wa kwanza. Hapa, watoto hufungwa kwa upendo."

Nilisikia mvua tu.

Kisha bibi mmoja kule nyuma akacheka. Kicheko cha bibi, kirefu, cha kupanda na kushuka. Mstari wake ukafuata. Halafu ukumbi wote ukapasuka! Watu walipigapiga viti. Mgeni rasmi alijifuta macho kwa utepe wa shada langu. Wanafunzi wa darasa letu walikuwa wamelaliana. Na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu kabla sijakumbuka kitu kingine chochote nilikumbuka kwamba ni mimi. Mimi! Nimewachekesha watu mia sita kwa herufi moja! Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi tatu hivi.

Ya nne ndipo nikamwona Baba. Alikuwa amesimama, amekishika kitabu kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa kama karatasi ambayo haijachapwa. Nikamtafuta Nukta. Alikuwa mlangoni na boksi tupu. Naye pia hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikatazama mifuko ya gauni langu.

Jumanne, 2 Aprili

Baba amemfukuza Baba Nukta.

Mama Gundi ndiye aliyenisimulia, akipaka gundi kana kwamba gundi imemkosea. Ilikuwa jana asubuhi, wafanyakazi wote wamekusanywa. Baada ya sahihi hakuna aliyeusoma tena ukurasa ule, na shule imesema haitaleta tena kazi kwetu. Baba akauliza, "Karatasi ya majaribio ilikuwa safi au si safi?" Baba Nukta akajibu, "Safi, Bosi." "Baada ya hapo nani aligusa herufi?" Baba Nukta akanyamaza. "Herufi haina miguu," Baba akasema. "Haitembei yenyewe." Baba Nukta akazidi kunyamaza. Miaka kumi na tisa amekuwa hapo. Alichukua kibanio chake, akakifunga kwenye kitambaa, akamuaga kila mmoja kwa mkono, hata Baba, kisha akatoka kwenye mvua.

"Hakujitetea hata kwa neno moja," Mama Gundi akasema. "Mtu mzima, ananyamaza kama aliyekamatwa."

Nikamwambia Mama Gundi naumwa tumbo, nikaondoka.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Kwa kuwa kitabu kimechapwa kwetu, darasani wananiita Binti Mfungwa wa Upendo na wanacheka, nami nacheka pia. Nimekuwa maarufu. Juzi ningefurahi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimeenda kiwandani. Makasha ya herufi yamefunikwa shuka. Nilisimama pale nikajaribu kusoma fremu moja iliyosahaulika, nikashindwa hata herufi ya kwanza. Nitamwambia Baba leo jioni, saa ya chai.

Baadaye: alikuwa na wageni.

Jumapili, 7 Aprili

Alikuwa amechoka.

Jumatatu, 8 Aprili

Alikuwa na furaha, amepata kazi ya kuchapa kalenda, sikutaka kumharibia.

Nimeyasoma haya ya siku tatu. Kumbe Baba akiwa na wageni siwezi, akichoka siwezi, akifurahi siwezi. Nangoja awe vipi?

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia Mama! Nilimkuta anakunja nguo, nikasema yote kwa mkupuo mmoja bila kumeza mate, mpaka kufika mwisho nilikuwa nimekunja mto ukawa mdogo kama mkate.

Mama alikaa kitandani. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alinishika mkono akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Nukta."

"Amesema?"

"Sidhani."

"Basi sikiliza, mwanangu. Ulikuwa mchezo wa kitoto. Ukisema sasa, baba yako atalazimika kwenda kwa mwalimu mkuu, na wewe watakutoa shuleni. Mimi nitazungumza na mjomba wako, ana ghala, anahitaji mlinzi. Yule baba atapata kazi, hakuna atakayelala njaa, na yatakwisha."

"Lakini yeye ni mpanga herufi, Mama."

"Atakuwa mlinzi," Mama akasema. "Watu wa aina yake huzoea haraka."

Aliyasema kwa upole kabisa, huku akipapasa nywele zangu. Mama ni mtu mwema, akiona paka amelowa anamletea taulo. Nilimtazama nikajiuliza watu wa aina gani, na kwa nini mimi sikushtuka zamani, maana si mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Haya yatachukua kurasa za kijani zote.

Leo nimekwenda kwa kina Nukta. Tumekuwa marafiki tangu hatujaota meno ya mbele na sikuwahi kufika kwao! Yeye ndiye anayekuja kwetu. Nilijaza mfuko: viatu vyangu vya michezo ambavyo bado ni vipya, penseli za rangi, sweta. Dereva akanifikisha mwisho wa lami, akasema kutoka hapo gari haliteremki. Nikateremka kwa miguu, nikianguka mara mbili.

Ni vyumba viwili. Mabeseni manne yalikuwa sakafuni yakipokea maji ya paa, kila moja na mlio wake. Mama Nukta alikuwa anashonea vifungo mashati ya fundi, rundo hadi kiunoni. Aliponiona akainuka haraka, vifungo vikamwagika.

"Karibu, Bosi Mdogo! Karibu, mwanangu. Nukta! Mletee mwenzio kiti kile kizuri!"

Kiti kizuri ni kimoja. Alikuwa amekikalia Baba Nukta, naye akainuka. Mtu mzima amenipisha! Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba Nukta," akaitikia, akaniuliza habari za shule, habari za Mama, na habari za Baba. Kweli aliuliza: "Baba hajambo?" Nikasema hajambo. Alikuwa ametoka kutafuta kazi, suruali imeloa hadi magotini.

Nikafungua mfuko. Mama Nukta akashukuru mno, akavigeuza viatu huku na huku akivisifu. Nukta hakuvigusa. Akasema, "Nitamsindikiza, matope yanateleza."

Tulipanda hadi kwenye ukuta wa kisima cha bomba. Hapo akasimama.

"Baba anadhani ni mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Aliitazama ile g. Akasema imekazwa na mkono wa mtoto. Na mtoto anayejua kukaza fremu ni mmoja tu, si ndivyo? Ndiyo maana hakujitetea mbele ya baba yako. Aliogopa akisema si yeye, wataniuliza mimi."

"Na wewe hukumwambia?"

"Aliniuliza mara moja. Nikanyamaza. Akasema, 'Basi, mwanangu, mtoto ni mtoto,' na hajarudia tena. Anakula na mimi sahani moja kama kawaida. Sijui kama unaelewa. Kama kawaida!"

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisema atakuja kesho. Atasema Jumamosi. Leo nimekuona unateremka, moyo ukaruka. Nikasema amekuja kusema. Kumbe umeleta viatu."

Nikasema samahani. Nikaisema mara nyingi mpaka ikapoteza maana. Nikamwambia angenipigia kelele, angenitukana, tungegombana yaishe.

Nukta akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Umewahi kujiuliza kwa nini hatujawahi kugombana? Miaka yote hiyo? Mama alinikataza tangu nina miaka minne. Ukigombana na mtoto wa bosi, atakayelia ni baba yako. Kwa hiyo mchezo unaochagua wewe, nacheza. Ukisema umeshinda, umeshinda. Ukila ofisini, sina njaa."

Kisha akageuka akashuka, peku, bila kuteleza hata mara moja.

Sijui nilifikaje garini. Ninachojua ni kwamba silii. Moyo unanidunda kama Kifaru, ile mashine yetu kubwa inapoanza kuwashwa. Kesho. Hata akiwa na wageni, hata awe amechoka au amefurahi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimesema!!!

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilimwambia dereva kiwandani, nikaingia na begi mgongoni na viatu vya matope. Baba alikuwa katikati ya kiwanda anaonyesha wafanyakazi karatasi za kalenda. Nikafikiri nimvute ofisini. Halafu nikakumbuka kwamba Baba Nukta hakuvutwa ofisini.

Nikasema, "Baba, herufi niliibadilisha mimi." Kifaru alikuwa ananguruma, hakusikia. Nikapiga kelele, "NI MIMI NILIYEWEKA G!" na wakati huohuo fundi akazima mashine, kwa hiyo sauti yangu ikajaa kiwanda kizima hadi kwa Mama Gundi, akatoka na brashi.

Nilieleza yote. Ufunguo, kibanio, mvua, honi, gauni. Maneno yalitoka yamenyooka, kama yamepangwa. Nilipomaliza Baba alivua miwani, akakaa juu ya robota.

"Nilimuuliza nani aligusa herufi," akasema. "Akanyamaza."

"Alidhani ni Nukta."

Baba akafumba macho. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Akasema atampigia simu leo, amwombe arudi kazini.

"Baba," nikasema, "ulimfukuza mbele ya watu."

Mama Gundi akavuta pumzi kwa nguvu, nikajua nimevuka mpaka. Baba aliwatazama wafanyakazi wake, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Kesho asubuhi. Wewe na mimi. Na Mama Gundi, uwe shahidi."

Nyumbani Mama hajazungumza nami tangu jioni. Najihisi mwepesi, na naogopa, na sina usingizi hata tone.

Jumamosi, 13 Aprili

Tulishuka kwa miguu watatu. Kiatu cha Baba kilinaswa na tope, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, ameshika bega la Mama Gundi. Watu walitoka milangoni kutazama. Baba hakurudi nyuma. Aliacha soksi yake hukohuko.

Baba Nukta alitupokea mlangoni. Kiti kizuri kikatolewa, Baba akakataa kukikalia. Akasema amesimama kwa sababu alichokuja kusema hakisemwi mtu amekaa. Akanigusa bega. Nikasema mimi, tangu mwanzo, nikimtazama Baba Nukta machoni. Majirani walikuwa wamejaa dirishani, nami nikapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie.

Nilipofika mwisho Baba Nukta hakumjibu Baba, wala hakunitazama mimi. Alimgeukia Nukta.

"Kwa hiyo hukuwa wewe."

Nukta akatikisa kichwa.

"Wiki mbili umebeba mzigo wa mwenzio, na mimi nakutazama nikidhani ni wako." Alimvuta, akamkumbatia, kichwa cha Nukta kikapotea kabisa ndani ya shati lake. "Nisamehe, mwanangu. Mimi hasa nilipaswa kuujua mkono wako."

Hapo ndipo nililia. Mama Gundi naye, Mama Nukta naye, na bibi mmoja dirishani ambaye hakuna anayemjua.

Baba akasema, "Nilikosea. Kasha lako linakungoja. Jumatatu wafanyakazi wote watanisikia nikikuomba radhi."

Baba Nukta akamwinulia mkono taratibu. "Nimekusamehe, Bosi. Kwa moyo mweupe. Lakini sirudi." Jana, akasema, amepata meza mbele ya duka la vitabu, atakuwa anatengeneza mihuri ya mpira. Herufi ni zilezile, zinapangwa kinyume vilevile.

"Kwa nini?" Baba akauliza. Alionekana mdogo. "Nitakuongezea chochote."

"Miaka kumi na tisa sikukosea hata nukta moja," akasema Baba Nukta, "na siku ile uliuliza maswali mawili tu. Hukuniuliza kama ni mimi."

Tulipanda kurudi. Juu, kwenye lami, akaketi ndani ya gari na mguu mmoja wenye matope matupu, akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Kweli. Sikumuuliza."

Jumatatu, 15 Aprili

Kwa mwalimu mkuu. Nitaomba radhi mbele ya shule nzima Jumatano, kisha nitapanga vitabu vya maktaba kila mapumziko hadi mwisho wa muhula. Sikufukuzwa! Mama alikaa pembeni yangu muda wote, amenishika mkono, mkono wake ukiwa baridi kuliko wangu. Tulipokuwa tunatoka mwalimu mkuu akasema, "Tangu siku ile kila barua ninayowatumia wazazi wanaisoma hadi mwisho. Wanatafuta kosa." Sijui kama alikuwa anatabasamu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekwenda kwenye meza ya mihuri. Nikamwomba Baba Nukta kazi yoyote. Akanipa kitambaa nisafishe vipande vya mpira. Nukta alikuwepo, anapanga herufi. Hakusema neno.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimesafisha mpira. Hakusema neno. Mvua imepungua.

Jumamosi, 4 Mei

Amesema "sogea"! Nilikuwa nimemzibia mwanga, akasema, "Sogea." Nikasogea mpaka nikagonga ukuta wa duka. Sogea! Nimelirudia njia nzima nikirudi nyumbani, dereva akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 11 Mei

"Nipe ile." Maneno mawili.

Jumamosi, 18 Mei

Leo jua limewaka kutwa, hakuna wingu hata la kuazima, na nimepata ugomvi!

Daktari wa meno ameagiza muhuri. Nukta alipanga jina, cheo na mtaa kwenye mstari mmoja. Nikatazama mgongoni nikasema, "Umebananisha mno, haitasomeka."

"Itasomeka."

"Haitasomeka. Peleka mtaa chini."

"Wewe umeanza lini kujua mihuri?"

"Naona kwa macho, Nukta! Zimebanana kama meno ya huyo daktari!"

"Kwa hiyo umekuja kunifundisha kazi ya baba yangu?" Akasimama. Uso wake ulikuwa umekunjwa kwa hasira, hasira yenyewe, haikufichwa popote. "Mjinga wewe! Unakuja hapa unakaa, unasafisha mpira vibaya, narudia mimi kila ukiondoka, halafu unasema zimebanana!"

"Mjinga mwenyewe! Na sisafishi vibaya!"

"Unasafisha vibaya! Na umekalia kiti changu! Toka!"

Alipiga kelele mpaka mwenye duka akachungulia na wapita njia wawili wakasimama. Nikatupa kitambaa, nikaondoka bila kuaga, machozi ya hasira yananichoma. Nikampita Baba Nukta. Alikuwa ameinama anakata mpira, ananyonya midomo yake kwa ndani kama mtu anayezuia kikohozi.

Nilikuwa nimefika kona ya pili ndipo miguu ikasimama yenyewe. Nukta amenifukuza. Mbele ya watu! Ameniita mjinga, akanitoa kwenye kiti, na hakutazama kwanza kama kuna mtu wa kuogopa. Nikaanza kucheka pale barabarani kama mwehu, nikakimbia, nikaruka madimbwi yaliyobaki, moja, la pili, la tatu nikaingia mzima.

Nimeloa, sweta limeharibika, Mama anauliza nini kimenipata siku ya jua kali. Sijui hata nianze kumweleza vipi.

Jumapili, 19 Mei

Nimechora muhuri wa daktari wa meno mara nne kwenye karatasi. Mtaa lazima uende chini. Mchana huu nateremka kwao kumwambia, na akinifukuza tena nitakaa mlangoni nikipiga kelele hadi anijibu.